Kahawa Iliyoishia Tumboni kwa Kaka Deo

Jambo la kijinga nililofanya kwanza ni kumwambia kaka yangu Deo, mbele ya mama, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kahawa inakula mafuta ya tumbo. Baada ya hapo nilifanya mengine, na moja lilikuwa baya kuliko hilo, lakini nyinyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza mnaosoma karatasi hii hapa ukutani lazima mjue chanzo. Ningefunga mdomo siku ile, leo ningekuwa bado kazini.

Maana sasa nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nimestaafu kazi ya kahawa niliyoifanya likizo tatu mfululizo. Kwenye somo la siasa tunaambiwa kwamba aliyefanya kazi awaachie wenzake ujuzi wake. Basi mimi naacha wangu kabla sijausahau. Nani aliyenistaafisha, hilo nitalisema mwishoni.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salehe, mtu wa Ujiji, aliyeuza kahawa mjini pale wanaposhukia abiria wa kivuko cha Kamanga. Alikuwa na dele, birika la shaba la kahawa lenye jiko chini yake, ndoo ya maji, vikombe visivyo na masikio, na benchi moja lililolegea mguu, kiasi kwamba mteja wa mwisho akiinuka ghafla, wa kwanza alikwenda chini. Mimi nilikuwa mkaangaji, mtwangaji na mgongaji wa vikombe. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwanafunzi, unajua kukaanga?"

"Nimefaulu kemia, mzee."

"Basi leo utafeli."

Nikafeli kweli. Sikilizeni. Buni zikiwa kwenye chungu cha moto huondoki, hata ukiitwa na mwalimu mkuu. Unakoroga. Zikianza kupasuka pa, pa, pa, unavuta pumzi ishirini za kawaida, unaepua, unamwaga kwenye ungo na kupepeta zipoe. Mimi nilipofika pumzi ya nane niliona wasichana wa sekondari wanashuka kivukoni, pumzi zikawa si za kawaida tena. Tulichouza siku ile kilikuwa mkaa wa maji. Makuli walikunywa wakasema leo kahawa imekomaa.

La pili: usioshe dele kwa sabuni. Hili lilikuwa rahisi kulifuata, kwa kuwa sabuni yenyewe haikuwepo.

La tatu ndilo kubwa, na nililijua kwa aibu. Ilikuwa Ijumaa, Mzee Salehe amekwenda kusali, buni zimebaki kiganja kimoja. Nikaona nitumie akili. Nikakaanga mahindi mpaka yakawa meusi, nikatwanga, nikachanganya, nikazidisha tangawizi. Rangi ilikuwa ileile, na harufu haikuwa mbali. Kuli mmoja mrefu tuliyemwita Twiga akanywa vikombe vitatu, akasifu, akaenda kukaa juu ya magunia ya dagaa yaliyokuwa yanasubiri kupakiwa. Alasiri alirudi akiwa na alama za gunia shavuni.

"Mwanafunzi," aliniambia, bila hasira, kama mtu anayetaka kujifunza, "leo umeninywesha nini? Miaka yote nakunywa kahawa hapa naamka. Leo nimekunywa kahawa nimeamka Sengerema."

Walikuwa wamempakia pamoja na mzigo.

Mzee Salehe hakunipiga. Alimwaga dele lote mchangani, akaniambia, "Mtu aliyezoea kahawa haionji kwa ulimi. Ulimi utaudanganya kwa tangawizi. Yeye anaionja kwa mwili mzima, na mwili unajua." Ningeyaandika maneno yale mkononi, kaka yangu angepumzika.

Sasa, utafiti wangu. Katika likizo tatu nilichunguza wanywaji wetu wote. Makuli walikuwa wembamba kama vipini vya jembe. Wavuvi walikuwa wembamba. Karani wa tiketi, ambaye alikunywa vikombe sita kwa siku, ungeweza kumfunga mkanda wa saa kiunoni. Mzee Salehe peke yake alikuwa na kitambi, tena cha kustahi, na Mzee Salehe hakuwa anakunywa kahawa kabisa. Alikuwa anakunywa chai ya maziwa, akijificha nyuma ya mti wa umeme ili wateja wasimwone. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa ametufundisha neno metaboli, yaani jinsi mwili unavyochoma chakula na kukigeuza nguvu na joto. Nikaunganisha: kahawa inachochea moto wa ndani, moto unakula mafuta, mnywaji anakonda. Kwamba makuli wanabeba magunia kutwa na kula mara moja kwa siku, hilo sikuliingiza kwenye utafiti. Lilikuwa linaharibu.

Tuje kwa Deo.

Baba yetu alifariki nikiwa bado sijaanza shule, na Deo ndiye mkubwa. Ni karani wa pamba Misungwi. Mwaka mmoja kabla ya harusi yake alipata kitambaa cha kijivu kwenye duka la ushirika, kwa barua ya balozi wetu wa nyumba kumi na foleni ya siku mbili, akashonewa Kaunda suti yenye vifungo vyeusi. Ilimkaa vizuri mno. Mama akaikunja akaitia kwenye mfuko wa nailoni. Deo akarudi Misungwi, kwa mwenye nyumba wake Msukuma mwenye ng'ombe wengi na moyo mkubwa, ambaye kila jioni alimwekea kibuyu cha mtindi, ugali wa udaga wa muhogo, na swali moja tu: "Karani, mbona huli?"

Alirudi nyumbani Mkolani wiki mbili kabla ya harusi. Akavaa suti. Fundi Mabula, aliyeishona, akaweka mkono kwenye tumbo lake kama mganga anayetafuta bandama.

"Vidole vinne," akasema.

"Vinne vya nini?" mama akauliza.

"Kutoka kwenye kifungo mpaka kwenye tundu lake. Huku kuna kifungo, kule kuna tundu, na katikati kuna Deo."

"Fungulia pembeni."

"Mama Deo, pembeni niliacha upana wa kidole kimoja kwa kila upande, nao nimeshautoa. Kilichobaki ni uzi. Kitambaa kingine kipo?"

Mama alikuwa ametoka dukani asubuhi hiyohiyo. Wiki ile duka lilikuwa na majembe na pilipili manga. Alikaa tu kwenye mkeka.

Hapa mjue jambo moja, ndipo mtaelewa kwa nini hakuna aliyecheka. Mchumba wa Deo, Imelda, alilelewa na bibi yake, Bibi Kokubanza wa Bukoba, na bibi huyo hakuwa ameutaka uchumba. Alisema nyumba isiyo na baba huwa haina mpango. Aliukubali shingo upande, kwa sharti: Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, atashuka melini na mjomba wa Imelda, atakuja kukaa kwetu kwa muda wa saa mbili na kuitazama nyumba. Akiona mpango, Jumamosi kanisani. Akikosa kuuona, anarudi na meli, na Imelda, aliyekwisha kutangulia mjini kwa ndugu zake, anarudi naye. Mama hakuwa analala vizuri kwa ajili ya saa mbili hizo.

Ndipo mimi nikasema, "Suti ikishindikana kuongezwa, Deo apunguzwe. Kahawa inakula mafuta ya tumbo. Nimeona kwa macho yangu."

"Wewe unajua nini?" Deo akasema.

"Likizo tatu, kaka. Umewahi kuona kuli mwenye kitambi?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na nikajua nimempata.

"Nipe siku kumi," nikasema, "nitakupa kiuno."

Tulianza kwa vikombe vinne kwa siku, bila sukari, kwa sababu za kitaalamu na kwa sababu mgawo wa sukari ulikuwa haujafika. Siku ya kwanza Deo alikwenda chooni mara nyingi hata kuku wakazoea kumpisha njia. Matumbo nayo yaliamka. Asubuhi ya pili tukapima: vidole vitatu na nusu. Deo alinikumbatia. Mama alinipa kiazi cha ziada. Nikaongeza vikombe vikawa saba.

Siku ya tatu Deo akawa mtu mwingine. Hakutaka chakula cha mchana, alisema njaa imekwenda matembezi. Aliongea haraka kama mtangazaji wa mpira. Alipalilia shamba letu la mihogo, akamaliza, akaingia la jirani, akamaliza, akaingia la balozi. Balozi alitoka na mswaki mdomoni, akasimama akitazama matuta yake yanavyonyooka.

"Ndugu Deo," akasema, "nani amekutuma?"

"Hakuna, ndugu balozi. Mikono tu."

Jumapili yake balozi aliitisha mkutano wa nyumba kumi, akamsimamisha Deo mbele za watu, akasema huyu ndiye mjamaa wa kweli na tunataka wote tuwe hivi. Deo alisimama pale akitetemeka goti. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Siku ya nne tukapima. Vidole vitatu na nusu. Ya tano: vinne. Ya sita: vinne na kidogo.

Nikamwuliza mama: Deo anakula nini? Mama akasema, "Mchana hali kitu. Jioni nimepika ndizi za watu wanne nikageuka kuchukua chumvi. Niliporudi kulikuwa na sufuria." Njaa iliyokwenda matembezi mchana ilikuwa inarudi jioni na wageni. Na kwa kuwa usingizi hakupata, kesho yake alikuwa na njaa zaidi. Mtaalamu halisi angesimama hapo akajiuliza. Mimi niliona dawa imezoeleka, inatakiwa yenye nguvu zaidi.

Bahati mbaya siku hiyohiyo kahawa ya Mzee Salehe iliisha. Meli haikuwa imeleta. Na nikakumbuka sanduku la baba.

Kwetu Wahaya mgeni haanzi na chai, anaanza na buni. Huchumwa mbichi, huchemshwa pamoja na majani yanayonukia, hukaushwa juani mpaka zinakuwa nyeusi na ngumu. Mgeni anachukua mbili tatu, anatafuna taratibu, ndipo mazungumzo yanafunguka. Nyumba isiyotoa buni haijampokea mtu, hata ikichinja dume. Dada yake mama alikuwa amemletea furushi zima kutoka Kagera, limefungwa kwa majani ya mgomba, kwa ajili ya Bibi Kokubanza na si mwingine. Mama aliliweka ndani ya sanduku, juu ya kanzu ya baba, akasema, "Atakayegusa hili nitamkana."

Nilifungua. Juu furushi, chini yake kanzu nyeupe imekunjwa, chini kabisa vyeti vyetu vya ubatizo. Sikuwa na nia ya kuiba. Nilikuwa na nia ya kuazima. Sikilizeni hesabu yangu: nikizitwanga, zimekwisha. Lakini nikizichemsha nzima, Deo anakunywa maji yake, na buni zenyewe ninaziokota, ninazikausha juu ya bati, ninazirudisha. Ni nyeusi vilevile. Ngumu vilevile. Nani amepoteza?

Nikachemsha mara tatu, mpaka maji ya mwisho yakatoka meupe. Nikakausha, nikafunga furushi kwa kamba ileile, fundo lilelile. Maji yalikuwa ya rangi ya matope, machungu, yananukia kama shamba baada ya mvua. Nikajaza chupa mbili za chai. Deo akanywa vikombe vitatu vikubwa, akakaa kimya, akaniambia, "Fausti, moyo wangu uko hapa," akaonyesha koo.

Mama akamkimbiza zahanati, mimi nyuma na baiskeli. Mganga, Bwana Masanja, mtu wa maneno machache, alimshika Deo mkono, akasikiliza kifua, akauliza amekunywa nini. Nikasema kahawa. Akauliza kiasi gani. Nikasema. Akavua miwani.

"Nani aliandika dawa hii?"

"Mimi, mganga. Ni mambo ya metaboli."

"Aha. Metaboli. Njoo hapa, daktari." Akanikalisha. "Mkaa unawaka kwenye jiko. Wewe ukaupepea. Unawaka zaidi?"

"Unawaka."

"Kidogo, kwa muda. Kahawa inafanya hivyo. Inaharakisha moyo, inaongeza joto kidogo, inazuia njaa saa chache. Halafu mwili unaizoea, unadai upepo uleule ili uwake kama jana. Na huyu kila jioni anajaza gunia la mkaa mpya. Sasa atapunguaje?"

"Lakini siku ya kwanza alipungua nusu kidole."

"Ule ulikuwa mkojo," alisema Bwana Masanja.

Deo, akiwa amelala kitandani, alifumba macho.

Mganga akaendelea kueleza kwamba kikombe cha adhuhuri, jioni sehemu yake kubwa bado inazunguka mwilini, ndiyo maana mtu anakodoa macho darini. Akasema pia tusikate ghafla. Aliyezoea kahawa akiikosa siku moja, kichwa kinamgonga kama nyundo, usingizi unamvamia mchana, na hasira inakuwa karibu. Kikombe kidogo asubuhi, basi, mpaka aache. Niliyasikia yote hayo. Niliyasikia nikimfikiria Deo tu.

Ijumaa ikafika. Deo alikataa kupokea wakwe bila suti. Fundi Mabula na mimi tulimlaza sakafuni, akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo duniani, tukavuta, fundi akafunga kifungo cha mwisho kwa koleo. Tukamsimamisha kama ubao.

"Usicheke," fundi alimwambia. "Usikohoe. Ukitaka kupumua, pumua kwa juu."

Bibi Kokubanza aliingia saa nane mchana. Mdogo wa umbo, fimbo mkononi, khanga mbili, na uso wa mtu aliyesafiri vibaya. Tukapiga magoti, "Shikamoo, Bibi." "Marahaba," alisema, na kwa namna alivyosema, nilijisikia nimepungukiwa. Mjomba wa Imelda alieleza kwamba buni za Bibi ziliisha tangu jana kabla meli haijang'oa nanga, na huko melini alikosa kabisa. Bibi hutafuna tangu asubuhi mpaka jioni, kila siku, tangu alipokuwa msichana.

"Kichwa kinanigonga," Bibi alisema. "Nimevumilia nikijua nakuja kwa Wahaya wenzangu."

Nikaikumbuka ile nyundo ya Bwana Masanja.

Mama, akiwa amenawiri kwa fahari, alileta kikapu kidogo chenye mfuniko, akakiweka mbele ya Bibi kwa mikono miwili. Bibi akachukua buni tatu. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaendelea. Akachukua nne. Mjomba naye akachukua, akatafuna, akaanza kuitazama picha ya baba ukutani kwa umakini usio wa kawaida.

Ikapita muda. Mama alieleza shamba, kisima, mpango wa kesho. Bibi alikuwa anashika kipaji cha uso. Kope zikaanza kumshuka. Nilimkumbuka Twiga juu ya magunia ya dagaa.

Na Deo, aliyekuwa kwenye kikombe kimoja kidogo tangu Jumatano, alipomwona Bibi anapiga mwayo, naye mwayo ukamjia. Alijaribu kuuzuia. Aliuma meno, macho yakamtoka machozi. Haukuzuilika. Ulifunguka mrefu, na tumbo likafunguka nao, na nikasikia *tik*. Hakuna mwingine aliyesikia. Nilikiona kifungo kikiruka, cheusi, kidogo, kikaingia kikapuni katikati ya buni.

Bibi akafumbua macho. "Mama Deo," alisema polepole, "mimi nimetafuna kahawa kabla wewe hujazaliwa. Hii imekufa. Umenipa maiti ya kahawa."

"Bibi, zimetoka Kagera, kwa dada yangu."

"Basi zimefia njiani. Ngoja nijaribu nyingine, usiseme nimekuonea." Akatia mkono kikapuni bila kutazama, akatia kinywani, akauma. Ikalia kwa nguvu. Akauma tena, upande wa pili. Uso ukabadilika kidogo.

"Hii angalau ina ubishi," alisema.

Akaitema kiganjani. Akaigeuza. Ilikuwa na matundu manne.

Wote tukamtazama Deo. Suti ilikuwa imeachama, na fulana ya ndani ilikuwa ile yenye tundu. Mjomba alisimama, akachukua fimbo ya Bibi ili ampe.

"Meli inarudi saa ngapi?" Bibi aliuliza.

Mama hakulia. Ningependelea alie. Alikunja mikono mapajani na kutazama kikapu, kama mtu anayejaribu kuelewa buni zimemkosea nini. Hapo ndipo nilipoongea, na naomba mjue kwamba sikuongea kwa ushujaa. Niliongea kwa kuwa sikuweza kuendelea kuuona mgongo wake umeinama vile.

"Bibi, buni hazina kosa. Na mama hana kosa. Kahawa yako ipo."

"Iko wapi?"

"Nyingi iko ndani ya Deo."

Nikaeleza yote. Vidole vinne, makuli, mihogo ya balozi, bati, fundo lilelile, mkojo. Mjomba alikaa chini tena. Nilipomaliza, Bibi aliuliza jambo moja tu.

"Umesema nyingi. Iliyobaki?"

Nilikimbia jikoni. Chupa ya pili ilikuwa karibu nusu, ile tuliyomhifadhia Deo ya kikombe kidogo kidogo. Nikaipasha moto, nikamimina kutoka juu kama nilivyofundishwa, nikampa Bibi kwa magoti. Alinusa. Alikunywa. "Nimepokewa kwa kutafuna maisha yangu yote," alisema, "leo napokewa kwa kikombe kama karani." Akanywa hadi mwisho, akafumba macho, akakaa.

Nikawa nahesabu pumzi kama niko kwenye chungu. Nilivuta ishirini, nikavuta nyingine ishirini, nikavuta nyingine mpaka nikapoteza hesabu. Nje kuku alitaga na kutangaza. Mama hakuinua kichwa. Kisha Bibi akaondoa mkono kwenye kipaji cha uso, akautazama kama vile ulikuwa wa mtu mwingine, akasema:

"Sasa nimefika kwenye nyumba hii."

Akamgeukia Deo. "Wewe. Nani alikwambia ujikondeshe?"

"Suti, Bibi."

"Suti ni mtu? Mimi nilipoambiwa huyu kijana hana baba, nilijua nitakuta mfupa wenye njaa. Nimekuta mtu ameshiba. Mjukuu wangu ataolewa na mtu aliyeshiba." Kisha akamwuliza mama, kwa sauti ya chini, "Kanzu ya baba yake mlimzika nayo?"

"Hapana," mama alisema. "Iko sandukuni."

"Basi mnahangaika na vifungo vya nini?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameifikiria. Mimi nilikuwa nimeinua furushi kutoka juu yake kwa mikono yangu. Mama aliileta, ikiwa bado inanuka buni, Deo akaivaa palepale juu ya suti iliyoachama, ikashuka moja kwa moja mpaka vifundoni bila kuuliza tumbo lina vidole vingapi. Mama alimtazama kwa muda mrefu, akatoka nje kwenda kuangalia moto ambao haukuwashwa.

Jumamosi walioana. Deo alipumua kanisani mwanzo mpaka mwisho.

Ujuzi wangu ndio huo, wadogo zangu. Kahawa inaamsha, inachemsha kidogo, inakupeleka chooni, inaazima nguvu ya kesho na kesho inakuja kuidai. Haili kitambi. Ukimpa aliyeizoea iliyokwisha nguvu, mwili wake utakutaja mbele za watu. Mtu akikwambia amefanya utafiti, mwulize makuli walibeba nini.

Jumapili asubuhi, wageni wameondoka, nilikuwa najiandaa kwenda mjini kwa Mzee Salehe. Mama alinikuta mlangoni na vikombe vyangu. Alisema hivi, sipunguzi wala siongezi:

"Fausti, umeifanyia kazi kahawa vya kutosha, kuanzia leo umestaafu. Pensheni yako ni masufuria ya harusi, yako nyuma ya nyumba. Anza na lile kubwa."